CMA Tanga kwa mhasibu aliyeachishwa kazi: huduma ni ya bure, mtihani uko kwenye fomu

Mhasibu aliyeachishwa kazi Tanga, awe alikuwa shamba la mkonge au duka la jumla, aanzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, siyo mahakamani. Hakuna ada wala ulazima wa wakili. Mwanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, anaweza kusimamiwa na chama chake. Makao makuu ya kampuni yakiwa Dar, aliyefanya kazi Tanga hufungua shauri Tanga. Kwa mtu ambaye mshahara umekatika, huo ni unafuu mkubwa.

Wengi huangushwa na Fomu Namba 1, ile ya kufungulia shauri. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 tu tangu aachishwe, au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho, na barua za kumwomba bosi huruma hazisimamishi hesabu hiyo. Ukichelewa, uombe kwanza kusamehewa kwa Fomu Namba 2, ukieleza sababu za maana. Sehemu B, inayohusu uachishwaji, usiiache wazi: andika kwa nini sababu si halali na utaratibu ulikosewa wapi. Taja pia kila unachodai, maana usichokiandika ni vigumu kupewa baadaye. Nakala apewe mwajiri kwanza, asaini au agonge muhuri. Bila uthibitisho huo utarudishwa.

Tuhuma ya kawaida kwa mhasibu ni upotevu wa fedha. Hapo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko upande wako: mwajiri ndiye anayethibitisha. Uliza ulipewa hati ya tuhuma lini, maana maandalizi ya kikao cha nidhamu hayapaswi kupungua saa 48, na kama uliruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzako. Vocha zenye saini ya aliyeidhinisha malipo zina uzito kuliko maelezo marefu. Ziombe kwa barua, usinakili mafaili ya kampuni kinyemela ukajiongezea kesi.

Usuluhishi una siku 30. Usipohudhuria, shauri linaweza kufutwa. Wakikupa mapatano, soma kama yamehesabu notisi, likizo, kiinua mgongo (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10) na cheti cha utumishi kabla hujasaini. Mkishindwana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, ana wiki 6 kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wahasibu wa halmashauri njia yao ni Tume ya Utumishi wa Umma, wasipoteze siku hapa.