TAHADHARI: kuna jamaa anauza miche ya kahawa ya robusta huku Mbozi akisema ni arabika!!

Wakulima wenzangu, yule kaka wa miche anayekuja na pikapu siku za mnada msimpe hata mia. Mimi kanipiga laki tatu kweupe na mume wangu sasa hivi anaita lile shamba "Bukoba", kule kwenye robusta.

Mnajua nilivyokuwa nahangaikia miche tangu kutu ya majani ilivyomaliza ile ya zamani. Kaka kafika mpole, shikamoo mama, ana kitabu cha risiti chenye mhuri, kwenye simu ana picha yuko kitaluni kavaa gambuti, anaongea habari za chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, utadhani bwana shamba, akapasua kiriba kimoja mbele yangu akanionyesha mzizi umenyooka, akasema mama hii ni arabika chotara, haiugui. Hapo nani asingetoa hela? Mzizi nimeuona kwa macho yangu! Nikachukua miche mia tatu, buku kila mmoja, akanipa na mitano ya nyongeza, mwizi mwenye ukarimu.

Basi majani yakaanza kutanuka, mapana, yana mawimbi kama bati la migongo. Mtoto wa dada yangu anasoma mimea SUA, chuo cha kilimo Morogoro, akapaka kyuteksi isiyo na rangi chini ya jani, ilivyokauka akaibandua akaenda kuiangalia kwenye hadubini pamoja na ya jani la arabika ya mama mkwe. Kahawa stomata zake, yaani vitundu vya kupitishia hewa, ziko upande wa chini wa jani, sasa za arabika kubwa zimeachana, za kwangu ndogo zimesongamana. Mamdogo hii robusta, anasema, arabika ina kromosomu 44, robusta 22, ndo maana hata seli zinapishana ukubwa. Robusta! Kwenye baridi yetu hii ya Juni! Na AMCOS yetu, chama cha ushirika, inapokea arabika tu.

Simu yake haipatikani. Huyu akikamatwa asilipe faini aondoke, hapana, aje ang'oe mche mmoja mmoja peku mbele ya kijiji kizima, halafu ndo aende rumande.

Mkinunua angalieni jani lililokomaa, la arabika jembamba, laini, linang'aa, kijani kimekolea. La robusta pana, kubwa, limekunjamana. Mzizi hausemi aina. Na mwenye picha ya huyo kaka au namba ya gari anitumie inbox, RB ya polisi ninayo tayari.