Kamalondo: fundi wa kompyuta asiyekubali kuzima Secure Boot

Kama mashini yako inawaka vizuri lakini Wi-Fi haionekani, au skana imegoma, au kila ukisasisha Linux (mfumo unaotumika badala ya Windows) kuna kitu kinachopotea, iko atelye moja ndogo Kamalondo, hapa Lubumbashi, ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote. Haina bango kubwa. Iko upande wa stadi ya TP Mazembe, kwa hiyo siku ya mechi usijisumbue: njia zinajaa watu na mwenyewe anafunga mapema.

Mwenyewe ni mama kijana anayefanya kazi peke yake, mezani ana mashini zilizofunguliwa matumbo na onduleri mbili zinazolia umeme ukikatika. Hauzi simu, habadilishi vioo. Kazi yake ni pale ambapo kifaa na mfumo havielewani, na anaijua kweli.

Mimi nina sekretaria upande wa Kasapa: tunapiga chapa, tunatoa fotokopi, tunaskani, tunafunga memwari (tasnifu) za wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ninaitaja kazi hiyo kwa sababu ndiyo inayonifanya niwe mkali juu ya jambo hili. Ndani ya mashini zangu zinapita kadi za kupigia kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho, tena diploma za Serikali, barua za mahakama, hati za viwanja. Watu wananiachia karatasi hizo na kwenda sokoni. Siwezi kukubali programu isiyojulikana iingie ndani kabisa ya mashini hizo, eti ili Wi-Fi irudi.

Kabla yake nilikuwa nimepeleka kwa fundi mwingine, simtaji. Dawa yake ilikuwa ya haraka: aingie BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia mashini, azime Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyo na saini (alama ya kidijitali ya mtengenezaji) isiingie wakati wa kuwaka, avute draiva, programu inayoendesha kifaa, kwenye tovuti ambayo hata yeye haijui ni ya nani, aiendeshe kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, anayeruhusiwa kila kitu. Dola 5, nusu saa. Nilichukua mashini yangu nikatoka.

Huyu wa Kamalondo nilimpelekea mashini mbili na skana, naye alianza kwa maswali. “Papa, nenosiri la hii mashini linajulikana na nani?” Halafu: “Kitu gani kilibadilika kabla ya Wi-Fi kupotea?” Hapo tu ndipo alipofungua skrini nyeusi ya kuandikia amri kwenye laptopu, akasoma dmesg (ujumbe wa mfumo) polepole, kisha lspci (orodha ya kadi za ndani) ili aone kadi ya Wi-Fi ipo na ni moduli gani inapaswa kuishika, yaani draiva inayoingia ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Kadi ilikuwepo. Moduli haikuwa imepakiwa. Alipojaribu kuipakia, kerneli ilijibu kwamba ufunguo unaohitajika, wa kuthibitisha saini yake, haupatikani.

Hapa alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye duka la kompyuta Lubumbashi alisikie. Moduli ya kerneli ikishapakiwa, haina mkubwa juu yake. Inasoma kumbukumbu yote, inaona kila herufi unayoandika, inaweza kujificha isionekane kwenye orodha ya programu, na antivirasi haina uhakika wa kuikamata kwa sababu nayo inategemea kerneli hiyohiyo kuambiwa ukweli. Ndiyo maana Linux iliongezewa njia ya kutia saini moduli katika toleo la 3.7, mwaka 2012, na katika toleo la 5.4, mwaka 2019, ukaja ulinzi unaomfungia hata mkuu wa mfumo asiweze kuichezea kerneli anavyotaka. Kwenye Ubuntu, aina ya Linux ninayotumia, Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli isiyo na saini inayokubalika inakataliwa mlangoni. Kwa hiyo ule ujumbe wa ufunguo ulikuwa mashini ikifanya kazi yake sawasawa. Yule wa dola 5 alitaka kuifukuza kazi hiyo.

Mashini yangu nyingine inatumia kijiti cha Wi-Fi cha USB, kile kisicho na jina la kampuni. Ukikichomeka, baadhi ya vijiti hivi vinajitambulisha kwanza kama CD yenye draiva za Windows ndani, na mpaka programu ya usb_modeswitch ivigeuze, Linux inaona CD tu. Aliligundua hilo mara moja. Lakini hata baada ya kugeuka, Ubuntu 22.04 yangu ilikuwa na kerneli 5.15, ambayo haina draiva ya chipu hiyo. Alikuwa na uwezo wa kujenga moduli kutoka nje. Hakufanya hivyo. Draiva ya chipu hiyo ya USB iliingizwa ndani ya Linux yenyewe kuanzia 6.2, na Ubuntu 22.04 inatoa kerneli 6.8 kwa anayeitaka. Aliweka hiyo, akawasha upya, kijiti kikafanya kazi, na moduli ilikuja tayari na saini ya watengenezaji wa Ubuntu. “Moduli nzuri, Papa, ni ile iliyokuja pamoja na kerneli,” alisema. Ninakubaliana naye kabisa. Mega za intaneti zilizokwenda ni nyingi, na alinionya kabla.

Laptopu, ile iliyodai ufunguo, ilikuwa ngumu zaidi. Kadi yake ya ndani ni ya zamani, na draiva yake iko nje ya kerneli tu. Hapo alitumia DKMS, chombo kilichoanzia Dell, kinachojenga moduli upya kila kerneli mpya inapoingia, kisha akatengeneza ufunguo wa mwenye mashini, ule unaoitwa MOK, ili moduli itiwe saini na Secure Boot ibaki imewaka. Kuuandikisha ufunguo huo kunahitaji mtu aliyekaa mbele ya mashini: unawasha upya, inatokea skrini ya bluu, una sekunde 10 za kugusa kitufe. Ukichelewa, mashini inaendelea kuwaka kama kawaida na inabidi kuanza ombi upya.

Na sasa jambo ambalo sijaliona limeandikwa popote kwa ajili yetu tunaotumia kibodi za Kifaransa. Skrini ile ya bluu haijui AZERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi hizo. Inasoma kibodi kama QWERTY, ule wa Kiingereza. Nenosiri uliloliandika kwa A au M ndani ya Ubuntu litakataliwa pale, nawe utaapa kwamba umeandika sawa. Yeye anachagua nenosiri la herufi 8 au zaidi lisilo na A, Q, Z, W wala M, bila tarakimu, maana kwenye AZERTY tarakimu zinadai Shift. Mtu aliyefikia kujua hilo ameteseka na mashini za watu wa hapa hapa, na kwangu hiyo ina thamani kuliko cheti chochote cha ukutani.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni kwamba hakunificha udhaifu wa kazi yake mwenyewe. Ufunguo wa siri wa kutia saini unabaki ndani ya diski ya laptopu, ili DKMS iweze kuutumia yenyewe. Maana yake, mwizi akipata mamlaka ya mkuu wa mfumo anaweza kuutumia pia kutia saini moduli yake mbaya. Njia ya pili ni kuuweka ufunguo kwenye flashi na kuufungia kabatini, lakini hapo kila kerneli mpya Wi-Fi itakufa mpaka uulete na kutia saini kwa mkono. Aliniuliza ninachotaka. Nilichagua flashi. Inachosha, na msaidizi wangu ananung'unika, lakini hati za watu ziko mle.

Saini nayo si kinga ya kila kitu, na yeye anasema hivyo waziwazi. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia kwenye Windows kwa draiva zilizotiwa saini kwa vyeti vilivyoibwa kutoka Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan. Saini ilikuwa halali. Aliyeitia ndiye hakuwa mwenyewe.

Skana niipitie haraka. Windows 11 iliikataa draiva yake ya zamani kwa sababu ya ulinzi wa kumbukumbu ya kerneli. Wengi wanauzima ulinzi huo. Yeye aliihamishia skana kwenye mashini ya Linux, ambako SANE, programu ya skana, inazungumza nayo kupitia USB bila moduli yoyote maalum ndani ya kerneli. Inaskani vizuri, rangi zimefifia kidogo.

Kasoro zipo. Anachelewa, kwa sababu hapokei msaidizi, na mashini yako italala kwake. Simu hapokei akiwa kazini. Alinitoza dola 20 kwa zote, na noti iliyochanika hata pembeni hataigusa. Risiti ilibidi niiombe. Anaeleza haraka mno. Mwambie aandike, ataandika, na mwandiko wake unasomeka.

Ukienda, nenda asubuhi, na chaja yako, na mega za kutosha kwenye simu, maana vichwa vya kerneli, faili za kujengea moduli, lazima vivutwe na yeye hatoi intaneti yake bure. Nakili mafaili yako kwanza. Usibebe mashini ya mtu mwingine bila mwenyewe: atakuuliza nenosiri, atakuuliza ni ya nani, na jibu lisipomridhisha atakurudisha nayo nyumbani.