TAHADHARI: Muuza baiskeli za mtumba hapa Nakuru anauza gia zilizokufa akijua

Ndugu zangu wa Nakuru, hasa nyinyi mnaotafuta baiskeli ya mlima ya mtumba, someni hii yote kabla hamjatuma pesa kwa mtu. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu mambo yake nimeyafikisha polisi, lakini ni yule anayeziweka kwenye status kila wikendi, zimeegemezwa ukutani zinang'aa, na maneno "mali ya Uingereza, panda uende". Wengi wenu mnamjua. Kuna waliozituma picha hizo kwenye grupu wakitaka kunisaidia kupata baiskeli, na hao siwalaumu hata kidogo.

Nilihitaji baiskeli nyingine kwa sababu ile ya kwanza iliisha. Ninachotaka muone ni jinsi mtu huyu anavyofanya kazi yake, kwa sababu ni kazi, ameisomea.

Nilifika kwake Jumamosi jioni, mvua imetoka kunyesha. Baiskeli yenyewe hakuwa ameianika nje na zingine. Aliitoa ndani polepole, akaniambia, "Mwalimu, hii nilikuwa nimejiwekea." Fremu ya kijivu, tairi za inchi 26, gia 24, yaani sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, tatu mbele na nane nyuma. Akatandika gunia, akaigeuza juu chini, kiti na usukani vikakaa kwenye gunia, akashika pedali kwa mkono mmoja akaizungusha, mkono wa pili anabonyeza gia. Kliki, kliki, kliki. Cheni inapanda, cheni inashuka, hakuna kelele. Akachukua kitambaa akakigusisha kwenye rimu ikiwa inazunguka, matone ya maji yakaruka, spoki zikameta chini ya ile balbu yake. "Weka sikio hapa, mwalimu." Niliweka. Nilisikia upepo wa gurudumu tu.

Halafu akaja kwa cheni. "Hii nimeifunga jana. Mpya kabisa. Gusa mwenyewe." Nikagusa, kidole kikatoka na ile grisi inayonata ambayo cheni hutoka nayo dukani. Hakuwa anadanganya, cheni ilikuwa mpya kweli. Nataka mkumbuke hiyo cheni, maana ndiyo silaha yake.

Sasa niambieni, nani kati yenu angeshuku? Mtu ana spana mkononi, anafungua kila kitu mbele yako, anakuonyesha kifaa kipya alichokigharamia. Alikuwa ameshamuuzia mwenzetu wa kwaya baiskeli na mpaka leo inatembea. Aliniuliza habari za shule, akaniambia mtoto wake anaingia darasa la nne na anasumbuliwa na hesabu, akaomba nimtafutie vitabu. Aliniandikia risiti. Alinipunguzia kutoka elfu ishirini hadi 17,500 bila kuvutana sana, "kwa sababu ni wewe". Hata kuijaribu aliniruhusu, tena yeye ndiye aliyesema niijaribu!

Ila mahali pa kuijaribia alichagua yeye. "Nenda mpaka pale petroli stesheni urudi." Barabara tambarare, lami, hakuna hata tuta. Na kabla sijapanda akaweka cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele akasema, "Hapo mbele usibadilishe leo, kebo ni mpya, lazima izoee kwanza." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Kebo mpya huregea kidogo siku za kwanza, fundi yeyote atakuambia. Mtu huyu huchukua ukweli mdogo akaufunika nao uongo mkubwa. Nilienda, nikarudi, baiskeli laini kabisa. Nikatoa simu nikalipa hapo hapo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, akasema, "Hiyo laini ni ya bibi yangu, yangu imejaa." Nikaweka PIN.

Mnaoendesha mnajua kipimo cha baiskeli hapa kwetu ni mlima wa Menengai. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari na ukingo wa kreta unafika 2,278, kwa hivyo ukitoka Milimani kwenda juu hakuna mahali pa kujificha. Nilipoanza kupanda nikashusha mbele hadi sproketi ya katikati, gia ambayo kila mtu mwenye akili angetumia. Nikasimama juu ya pedali. Kaa! Mguu ukaenda chini bure kama ngazi iliyokatika, kifua kikapiga usukani, pedali ikanirudia kwenye muundi. Pikipiki iliyokuwa nyuma ilikwepa kwa bahati ya Mungu. Nikatazama chini: cheni haijatoka, iko pale pale kwenye sproketi ile ile. Nikakanyaga tena. Kaa! Kovu la muundi bado ninalo.

Nikampigia. Alishika simu vizuri tu, sauti ya upole. "Gia ni kuseti tu, mwalimu. Pale kebo inapoingia kwa direla kuna kinati kidogo, zungusha nusu." Direla ni kile kimkono cha nyuma kinachoisukuma cheni kutoka gia hadi gia. Nikazungusha nusu. Ikaruka. Nikampigia, akasema nirudishe nusu upande wa pili. Ikaruka. Akasema ni uchafu, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki, nikapaka oili. Ikaruka. Akasema basi kebo imeshika kutu ndani ya mrija wake, ile ile kebo aliyosema ni mpya! Nikabadilisha kebo na mrija kwa pesa yangu. Ikaruka. Nikimpigia tena ananiambia labda mimi ni mzito, baiskeli za Wazungu hazikuundwa kwa mtu wa kukanyaga kwa nguvu. Baada ya hapo meseji zikawa zinasomwa hazijibiwi, kisha akanibloki.

Kilichoniumiza zaidi ya pesa ni kwamba muda huo wote nilikuwa namwamini. Nilikuwa nainama uani kila jioni na bisibisi nikihangaika na kitu ambacho yeye alijua hakitaseti milele.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee pale mtaa wa Shabab, mtu wa miaka mingi kwenye baiskeli. Hakugusa kebo kabisa. Aliniambia, "Kijana yangu, panda, nishikie breki ya mbele, ukanyage." Nikakanyaga, ikaruka, akasema inatosha. Akanieleza: kama shida ingekuwa kebo au kuseti, cheni ingekuwa inatangatanga kati ya sproketi mbili, inakwaruza, inahama bila kuambiwa. Hii inakaa mahali pake, halafu ikibeba uzito inaruka jino. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Akaangalia pia habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, maana vile vijino vya ndani vinavyokamata gurudumu vikiisha, pedali huenda mbele bure na cheni inatembea kawaida. Vyangu vilikamata.

Kisha akatoa rula akapima cheni. Kila pingili ni nusu inchi kutoka pini hadi pini, kwa hivyo pingili 24 zatakiwa kutoa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni hiyo tafuta nyingine. Zikifikia kuzidi kwa moja ya nane, imeshakula na meno. Yangu ilitoa 12 kamili. Nikamwambia, "Mzee, si basi cheni ni nzima?" Akasema, "Ndiyo shida yako."

Akaivuta cheni kando akanionyesha sproketi ya katikati ya mbele. Nilihisi joto usoni. Meno yalikuwa membamba, yameinama upande mmoja, na mashimo kati yake yamepanuka. Za nyuma vivyo hivyo, zile za katikati na mbili ndogo za mwisho. Kubwa ya mbele, ambayo mwenyewe wa kwanza huenda hakuitumia sana, ilikuwa bado na meno yake. Ndiyo aliyoniwekea siku ya kuijaribu.

Mzee akasema cheni kuukuu na meno makuukuu huzoeana, zinachakaa pamoja, unaweza kuendesha hivyo kwa muda. Ukitia cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha, haikai kwenye yale mashimo, inapanda mgongo wa jino na kuruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Dawa ni kubadilisha kaseti ya nyuma, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, na sproketi za mbele pamoja na cheni. Kuizungusha baiskeli ikiwa juu chini kwa mkono hakuonyeshi chochote, kwa sababu hakuna uzito. Na mtu wa baiskeli anajua hivyo.

Muuzaji hajaishia hapo. Direla ina skrubu mbili ndogo za kuwekea cheni mipaka, moja isiangukie nje ya gia ndogo, nyingine isiingie kwenye spoki. Ile ya gia ndogo alikuwa ameikaza mpaka cheni isifike kwenye zile sproketi mbili mbovu za mwisho. Jioni ile nilisikia kliki zote, lakini cheni haikuwa inafika huko. Skrubu haijikazi yenyewe. Mtu alikaa na bisibisi akaikaza akijua anaficha nini, kisha akaniuliza habari za vitabu vya mtoto wake.

Tena mzee alipoigeuza akapitisha kitambaa chenye petroli chini kabisa ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, mahali baiskeli nyingi hupigwa namba. Rangi nyeusi ya kupuliza ikatoka. Chini yake chuma kimekwanguliwa kwa tupa, ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo. Namba hakuna. Mwajua maana yake: huenda ni ya wizi.

Huyu mtu afungwe. Nasema wazi. Kupata pesa ya mtu kwa udanganyifu kuko kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 313, na adhabu yake inafika miaka 3. Nimeandikisha OB, yaani kwenye kitabu cha matukio cha polisi, na nitafuatilia mpaka waniambie nimewachosha. Pesa zangu nazitafuta kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Risiti aliyoniandikia kwa mkono wake ninayo, meseji zake zote ninazo, cheni na zile sproketi mzee amezifunga kwenye karatasi, nitaziweka mezani mbele ya hakimu ahesabu meno mwenyewe. Kuna walioniambia twende na vijana wa mtaa tummalize hapo hapo. Hapana. Msiende. Nataka asimame kizimbani watu wamwone, na kile kibanda kifungwe, kwa sababu baiskeli hizo anauzia mpaka watoto wa shule, na mtoto akirukiwa na cheni mbele ya matatu hapo Free Area tutazika mtu kwa ajili ya elfu kumi na saba. Haya ndiyo yananinyima usingizi, si ile pesa.

Mnaoniuliza inbox mtaangalia nini: panda nayo mlima, si lami ya tambarare, na ukanyage umesimama, kila gia ya mbele na ya nyuma. Akikukataza gia moja, ondoka. Cheni mpya peke yake kwenye baiskeli kuukuu isikufurahishe, isogeze uangalie meno. Hesabu sproketi kwa macho huku cheni ikizifikia moja moja. Angalia namba ya fremu. Jina la M-Pesa lisilo lake, usitume. Yapo mengine, nikitulia nitaandika. Kwa sasa tafadhali shiriki hii kwenye magrupu yenu ya Nakuru, Njoro, Bahati, Gilgil, na kama naye alikuuzia, niandikie. Tukiwa wengi polisi hawatasema ni ugomvi wa kibiashara.

Na jambo la mwisho, muhimu: kama wewe au jirani yako mlipoteza baiskeli ya mlima ya kijivu, tairi za inchi 26, yenye gia 24, nitafute. Kuna alama iliyochorwa chini ya kiti, hapa siisemi, utaniambia wewe ni ipi. Ukiitaja sawasawa, tutakutana kituoni na uichukue mbele ya afisa, hata kama mimi nitabaki bila baiskeli na bila pesa.