Ushauri nasaha kwa vijana Kigoma mjini: mshauri hodari, mapokezi ya kutia aibu

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 16, kwenye huduma ya ushauri nasaha inayotolewa kila Alhamisi katika kituo kimoja cha afya hapa Kigoma mjini, baada ya majuma kadhaa ya kukosa usingizi na kukataa chakula, hata migebuka aipendayo. Kumshawishi kulinichukua siku nne. Hakuwa akiogopa ugonjwa. Aliogopa jina, kwa kuwa shuleni kwao anayeonekana kuzidiwa na mawazo huitwa "wa Mirembe", kwa jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na jina hilo likishakuganda halibanduki hadi umalize kidato cha nne.

Kituo hakikumpunguzia hofu hiyo. Mlango wa chumba cha ushauri umeandikwa "AFYA YA AKILI" kwa herufi nyekundu, nao unatazamana na mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, ambako nusu ya mtaa hukaa kusubiri. Kijana alivua sweta la shule, akaligeuza ili nembo iingie ndani, akalipakata. Ndipo muuguzi alipotokeza kichwa na kuuliza kwa sauti, "Wa akili ni nani?" Mama anayetuuzia dagaa Kibirizi aligeuka, akatusalimu kwa huruma ambayo sikuiomba.

Ndani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mshauri aliniomba kwa adabu nisubiri nje, akakaa naye karibu saa nzima, na kwa maelezo ya kijana mwenyewe hakumhubiria wala kumuuliza kama amerogwa, swali ambalo nyumbani alikuwa ameshaulizwa mara tatu (mara moja na mimi, nakiri). Alimwachia namba 116, simu ya watoto isiyotozwa, kwa ajili ya usiku ambao hataweza kungoja Alhamisi. Alimweleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Darasa lao lina wanafunzi 63, njiani alipiga hesabu, akapata tisa, akaniuliza, "Mamdogo, sasa wale wanane wengine ni akina nani?"

Mshauri nampa nyota tano, mapokezi nyota moja. Mlango ungeandikwa namba ya chumba tu, na wagonjwa wakaitwa kwa namba kama wafanyavyo maabara, vijana wengi wangefika bila kubembelezwa siku nne. Tunarudi Alhamisi ijayo. Amesema sweta atalivaa, ila tupitie upande wa dirisha la dawa.