Pikapu ipi haitakulaza njiani

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia rangi, bodi na bei. Chapa yake siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Mwaka wa pili ililala Makambako siku 11 ikisubiri sensa ndogo kama kidole kutoka Dar, na viazi vya watu vikaanza kuchipua nyuma. Gari halikuwa bovu kihivyo. Shida ni kwamba kati ya Njombe na Iringa sikupata fundi wala duka la spea lililoijua ile injini. Tangu hapo, mtu akiniuliza pikapu ipi ni imara, namuuliza kwanza ataitumia wapi na ina injini gani.

Kwa Tanzania, hasa mikoani, naanza na Toyota Hilux. Si Hilux yoyote, lakini. Zile za zamani zenye injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) hazina mambo mengi ya umeme, na fundi mwenye spana na akili anazimaliza. Nguvu ndogo tu: mlima Kitonga utaupanda ukiwa nyuma ya malori, ukiwa na subira.

Ya kukodolea macho ni ya 2005 hadi 2015, wengi wanaiita Vigo, ikiwa na injini ya 1KD ya lita 3.0. Zile washa, yaani pete ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli, zikichoka, moshi wa mwako huvujia ndani, oili hujaa masizi, na masizi huziba chujio la pampu ya oili. Injini inakufa kwa kiu huku dipstiki ikionyesha oili imejaa! Muulize muuzaji washa hizo zilibadilishwa lini, na mkanda wa taiming pia. Usiusubirishe zaidi ya kilomita 150,000. Kuanzia 2015 zikaja injini za 2GD ya lita 2.4 na 1GD ya 2.8, zote za cheni badala ya mkanda, na hizo ndizo ningeziweka juu kabisa.

Hata hivyo, uliza imetoka nchi gani. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hiyo dalali akikuapia kwamba ya 2012 "ilikuwa ya mzee mmoja wa Japani", mwombe karatasi. Mtumba wa miaka hiyo hutoka kwingine, kama Thailand, Uingereza au Australia. Ya Australia ina habari yake: mwaka 2022 mahakama ya huko iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020, zaidi ya 260,000, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa kichujio cha masizi, kile ambacho mafundi wanakiita DPF.

Nafasi ya pili nampa Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya lita 3.0. Ukivuka Namanga mpangilio unageuka, inakuwa ya kwanza, kwa sababu Wakenya wanaiunda Nairobi na spea zake ziko karibu. Injini yake inatumia cheni, tena ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa kwenye malori madogo ya Isuzu, kwa hiyo fundi wa malori haikwepi. Ndani ni ngumu kama benchi la shule, sibishi. Na haisamehe dizeli ya kwenye madumu: nozeli zikiharibika utalipia uzembe wa kituo kimoja kwa mauzo ya msimu mzima. Mimi nisingevusha chujio la dizeli kilomita 10,000.

Ford Ranger ya 2011 kwenda mbele, ile ya lita 3.2 yenye silinda tano, inavuta mzigo vizuri na dereva hachoki. Naiweka ya tatu kwa sababu inataka fundi anayeijua. Ukimwaga oili ukaacha tundu wazi kwa muda mrefu (wanaoijua hawazidishi dakika 10), pampu inaweza kushindwa kuvuta oili upya, na ukiwasha, injini inajisaga yenyewe. Fundi wetu humwaga oili, huenda kunywa chai, hurudi. Mazda BT-50 ya kuanzia 2011 ni Ranger iliyobadilishwa sura. Ya kizazi kilichotoka 2020 ni D-Max. Majina yasikuchanganye, funua boneti.

Mitsubishi L200 yenye injini ya 4D56 inafaa kama bei ni nzuri na uko tayari kubadilisha mikanda yote miwili, wa taiming na ule mdogo wa balansi unaopunguza mtetemo wa injini, siku hiyo hiyo unapoinunua. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ siipangi humu: ni imara kuliko zote, na bei yake inajua hivyo.

Nissan Navara ya kizazi cha D40 ndiyo ya mwisho kwangu. Cheni ya injini yake ya YD25 hurefuka, kwa hiyo iwashe asubuhi ikiwa baridi na usikilize mkwaruzo upande wa mbele. Kama imetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lala chini yake. Chesisi za baadhi ya D40 huko zilioza hadi kukatika, Nissan ikalazimika kununua tena baadhi ya magari hayo. Gonga kwa nyundo nyuma ya kebini, pande zote mbili. Ikilia kama kopo, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.