Seva ya Ofisi Ndogo Mtwara: Ulizia Saa Kabla ya Bei

Msimu wa korosho ukikaribia, ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na za wanunuzi huchukua makarani wa muda, na hapo ndipo malalamiko yanaponifikia. La juzi limetoka Shangani: umeme umekatika usiku, asubuhi paswedi sahihi zinakataliwa, fundi anasema seva ina virusi. Virusi gani? Saa ya seva ilirudi nyuma miaka.

Mtandao wenye domeni, yaani kompyuta zinazotambua watu kupitia seva moja, iwe kwa Active Directory ya Microsoft au kwa Samba, programu ya bure inayofanya kazi hiyo hiyo, huhakiki watu kwa Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha aliyeingia. Kwa kawaida saa za kompyuta na seva zikipishana zaidi ya dakika 5, Kerberos inagoma, hata paswedi iwe sawa. Mashine ikizimwa, saa yake hushikiliwa na betri ya duara, CR2032, na kwenye seva za mtumba mara nyingi imeshakufa. Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji azime, achomoe waya kabisa, mnywe soda, kisha awashe. Tarehe isipokuwa ya leo, abadilishe betri mbele yako au ondoka zako.

Kwa seva ya ofisi ndogo, namba moja kwangu ni Synology, kisanduku cha kuhifadhi mafaili kinachofanya pia kazi ya seva, na mapenzi hayo siyafichi. Synology Directory Server, programu yake ya kusimamia domeni, unaiweka bure (angalia kwanza kama modeli unayotaka inaikubali), ndani yake ni Samba, na haidai leseni kwa kila mtumiaji. Ofisi ya watu wanane inataka nini zaidi? Majina, paswedi, na mafaili ya mhasibu yasiyosomwa na kila apitaye.

Windows Server inafuata. Ukiwa na matawi, tuseme Masasi na Newala, hapo Active Directory kamili inalipa. Ila toleo la Standard linadai pia leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, na hilo wauzaji hulikumbuka ukishalipa.

Entra ID, huduma ya Microsoft ya kuhakiki watumiaji iliyokuwa Azure AD hadi 2023, inakaa mtandaoni. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika mnakumbuka tulivyokaa bila intaneti.

Samba kwenye kompyuta kuukuu ni bure, kama una fundi wa Linux karibu.

Sasa laptop. Jamani, wauzaji! Windows Home, toleo la matumizi ya nyumbani, haijiungi na domeni yoyote; Pro ndiyo inayojiunga. Mteja anasema wazi mashine ni za ofisi, anafungiwa Home, akirudi anaambiwa kupandisha kwenda Pro ni hela nyingine, kwa kila mashine. Ziwashwe zote hapo hapo kaunta, usome Home au Pro, na hela ya kupandisha itoke kwenye bei yake kabla hujatoa hata shilingi.