Nimetumia Jujutsu juu ya Git: nani ahame, nani asubiri

Hofu kubwa ya madevelopa wa hapa Mbeya waliokwisha kuzoea Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ni kwamba wakijaribu Jujutsu timu nzima italazimika kuhama. Si kweli. Jujutsu, zana ya kazi hiyohiyo ambayo kwenye terminali ni `jj` tu, ilianzishwa mwaka 2019 na Martin von Zweigbergk wa Google kama kazi ya pembeni. Imeandikwa kwa lugha ya Rust na inahifadhi kazi yako ndani ya ripo (hifadhi ya mradi) ya Git. Seva ni ileile, na wenzako hawatajua kama umehama usipowaambia.

Kama unategemea bando la simu, achana na `cargo install`, njia ya Rust ya kusakinisha: itashusha rundo la maktaba, kisha ikompaili kila kitu, na laptopu ya RAM GB 4 itahema. Pakua binari iliyo tayari. Halafu ingia kwenye ripo uliyonayo uandike `jj git init --colocate`. Folda ya `.jj` itakaa jirani na `.git`. Ukiichoka, hakikisha kazi yako ina jina la tawi, futa `.jj`, andika `git switch main`, umerudi ulikotoka.

Hakuna `git add`, ile amri ya kuchagua faili za kuhifadhi. Unachoandika tayari kimo ndani ya komiti (badiliko lililohifadhiwa). Kwa `jj describe` unaipa maelezo, kwa `jj new` unafungua nyingine. Siku mbili za kwanza mkono bado utaandika `add`.

Raha yenyewe iko kwenye mabadiliko yanayopangana. Chukua programu ya bei za viazi vya Uyole: komiti ya kwanza inaongeza jedwali, ya pili API, ya tatu skrini. Mkaguzi anasema safu ya uzito wa gunia imekosewa kule kwenye jedwali. Kwa Git ni `rebase -i`, usimame, urekebishe, uendelee, ukiombea mgongano (mabadiliko mawili kugusa mstari mmoja) usitokee katikati. Kwa `jj` unaandika `jj edit` na herufi chache za kitambulisho cha badiliko, unarekebisha faili, kisha `jj st`, amri ya kuonyesha hali ya faili. Inakujibu `Rebased 2 descendant commits`, basi. Kitambulisho hicho hakibadiliki hata komiti ikiandikwa upya mara kumi, na kinatumia herufi k hadi z tu, kwa hiyo hukichanganyi na hashi ya Git, yaani kitambulisho cha komiti chenye tarakimu na herufi a hadi f.

Mgongano ukitokea, kazi haisimami. Unahifadhiwa ndani ya komiti, nayo `jj log` (orodha ya komiti) inaandika `conflict`. Utautatua ukipata nafasi: `jj new` juu yake, safisha faili, kisha `jj squash` kuunganisha marekebisho na komiti hiyo. Ukisahau, `jj git push` itagoma kuipeleka komiti hiyo, na hapo inagoma kwa haki.

Ukiharibu, `jj undo`. Ukiharibu sana, `jj op log` inaonyesha kila amri iliyobadilisha ripo, na `jj op restore` inakurudisha pale unapotaka. Ila tahadhari: picha ya faili zako inachukuliwa pale tu unapoendesha amri ya `jj`. Ukiandika saa mbili bila kuigusa, ukafuta faili kwa bahati mbaya, hakuna cha kurudisha. Nimejizoesha kupiga `jj st` kila ninapoinuka kwenye kiti.

Sasa kero. Faili jipya linaingia lenyewe, na `.env` yenye nywila za seva nayo ni faili. Andika `.gitignore`, orodha ya faili za kupuuzwa, kabla ya amri ya kwanza. Ukichelewa, liongeze humo ndipo upige `jj file untrack .env`. Kikomo cha awali cha faili jipya ni MiB 1, kwa hiyo nakala ndogo ya hifadhidata itapenya bila kelele.

La pili, tawi, ambalo huku linaitwa `bookmark`, haliendi mbele na komiti mpya. Utapushi, ujibiwe `Nothing changed`, ubaki unakodoa macho. Kwanza piga `jj bookmark move main --to @-`. Ni `@-`, yaani komiti iliyotangulia, kwa sababu baada ya `jj new`, `@` (komiti uliyopo) ni tupu.

Hooks za Git, yaani skripti zinazojiendesha zenyewe unapokomiti au kupushi, haziendeshwi, kwa hiyo kama timu yako inategemea `pre-commit` kukagua msimbo, uendeshe ukaguzi huo mwenyewe au uuhamishie CI, mfumo wa seva unaokagua msimbo ukishapushi. Git LFS (ya kutunza faili kubwa) na submodule (ripo ndani ya ripo) hazifanyi kazi. Mwenye mradi wa picha nzito za ramani abaki na Git. Na kama kazi yako ni komiti moja, pushi, kwaheri, sioni cha kukuhamisha.